Jina Lililosukumwa Ndani

Mtaa mzima ulimwita Mama Shuka, na jina hilo yeye hakulikataa hata siku moja. Alilipata kwa jasho. Ujana wake wote na kipande cha uzee aliumaliza katika chumba cha kufulia cha hospitali, nyuma ya jiko, mahali ambapo mvuke ulikuwa mzito hadi watu wakajuana kwa kikohozi. Shuka za wodi zote zilipita mikononi mwake: za waliojifungua, za waliokatwa miguu, na zile ambazo ukizikunjua unajua mwenyewe hakuamka. Shuka za hospitali hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mkitazamana, mnaivuta, mnakutanisha upindo kwa upindo. Upindo ukipishana hata upana wa kidole, Mama Shuka aliuachia upande wake ukadondoka sakafuni. "Rudia," alisema. Wasichana wa kazi walimchukia kwa hilo. Wengine walilia. Yeye hakuona cha kulilia.

Shule hakwenda. Herufi alizijua kwa shuka, maana kila wodi ilikuwa na herufi yake, imeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. A ya wanaume, B ya wanawake, C ya watoto. Kutoka hapo akajiungia mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka akaweza kusoma jina la mtu au kibao cha duka, polepole, kidole kikitangulia. Kuandika, aliandika jina lake tu, na alilikandamiza hadi kalamu ikatoboa karatasi. Usimcheke. Wapo waliosoma mpaka wakavaa joho, na jina lao hawajui waliweke wapi.

Alipoolewa alikwenda na mtoto mgongoni. Baba wa mtoto huyo alikuwa ameingia mitini kabla mtoto hajaota jino. Mwanamume aliyemposa alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, vumbi la mbao limemkaa hadi kwenye kope. Ndugu zake walinuna: kuoa unaoa, lakini kuoa na mzigo? Seremala akawaambia mbele ya bibi harusi mwenyewe, "Nyumba yangu ina mlango mmoja. Mtoto ataingia kwa huo huo." Akampa jina lake. Shuleni akaandikwa kwa jina hilo, zahanati akaandikwa kwa jina hilo. Wadogo zake walipozaliwa walimkuta nyumbani, wakamwita Dada, na jina likamganda hata watu wazima wa mtaani wakamwita Dada.

Wadogo walikuwa watatu. Wa kwanza ni mwana wa kiume, na siku aliyozaliwa baba yake alimwita Mkubwa kwa furaha tu ya kupata kijana. Jina likampanda mtoto kichwani, halikushuka tena. Aliyemfuata alijifunza kuchomelea vyuma, akaitwa Fundi. Wa mwisho, binti, ndiye Kitinda, akawa mwalimu wa watoto wadogo.

Kwamba Dada aliingia humo mgongoni, hakuna aliyelizungumza. Halikuwa jambo la kufichwa, lilikuwa jambo lililokwisha. Mpaka Mkubwa alipoanza kuota ndevu, shangazi yake mmoja asiye na dogo akamtilia neno sikioni. Siku hiyo hiyo wakagombana juu ya redio, na kijana akamwambia dada yake, "Wewe wa kuja naye, usinipangie humu ndani." Mama Shuka alikuwa anachambua mchele. Aliweka sinia chini, akanawa mikono, akaikausha kwa gauni, akaenda akamzaba kofi lililomkalisha. Akarudi kwenye mchele wake. Mkubwa naye hakulia. Tangu hapo neno lile halikutamkwa tena, wala halikusahaulika.

Mkubwa akasoma, akapata kazi ofisi ya maji, akawa mtu wa viatu vinavyong'aa na kalamu mbili mfukoni. Akaoa, akahamia ng'ambo ya reli. Dada aliolewa pia, hakuzaa, akaachika, akarudi nyumbani na sanduku lile lile aliloondoka nalo. Alirudi wakati mwafaka, ukipenda kuliita hivyo, kwa sababu seremala alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa na mdomo ukapinda. Dada ndiye aliyemuuguza. Asubuhi anamlaza ubavu huu, mchana ubavu ule, ili mgongo usichubuke. Alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta kidevu, akambeba kama gunia kumpeleka msalani, mwanamke yule mwembamba. Mkubwa alikuja mara moja moja, akasimama mlangoni na kuuliza, "Mzee anaendeleaje?" kama mtu anayeuliza basi lililochelewa.

Mzee alikufa asubuhi moja ya mvua, mkono wake mzima ukiwa umeshika kidole cha Dada.

Sasa, mahali pale mtu hakuzikwa bila karatasi. Ilikuwa karatasi moja, picha ya marehemu juu, maisha yake katikati, na chini yake orodha ya aliowaacha. Waombolezaji walipewa kila mtu yake. Makaburini mwongoza ratiba aliishika mkononi na kuita watu kutupa udongo kwa kufuata orodha hiyo. Mwongoza ratiba hana kichwa chake siku hiyo. Anasoma kilichochapwa, na anayesomwa ndiye anayesogea kaburini. Asiyesomwa anasubiri na majirani.

Mkubwa ndiye aliyeshika kazi ya karatasi, kwa kuwa ndiye mtu wa ofisi. Aliandika kwa mkono, akapeleka kwa mchapaji, akarudi na nakala ya kwanza ili familia iangalie makosa. Walikuwa sebuleni, viti vimetolewa nje kwa ajili ya wageni, wao wamekaa kwenye mkeka. Kitinda akapewa asome kwa sauti. Alisoma vizuri, sauti ya darasani, mahali alipozaliwa mzee, kazi yake, ugonjwa wake. Alipofika kwenye watoto akaanza kupunguza mwendo. Mwisho akanyamaza kabisa.

"Umemaliza?" Mama Shuka akauliza.

"Bado kidogo."

"Hebu lete."

Akaishika karatasi mbali na macho, mikono imenyooka, kama anayeangalia shuka kwenye mwanga. Majina hakuyasoma kwanza. Aliangalia upindo. Mistari mitatu ilianzia pamoja upande wa kushoto, imenyooka sawasawa. Wa nne ulikuwa umeingia ndani.

"Huyu aliyesukumwa huku ni nani?"

Kitinda akamtazama Mkubwa.

"Nimeuliza. Watatu wamesimama ukutani. Wa nne kaingizwa ndani kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Ni nani?"

"Ni Dada, mama," Kitinda akasema.

"Na wenzake wana namba. Yeye mbona hana?"

"Ana herufi. A ndogo."

"Wodi ya wanaume hiyo," Fundi akasema, akijaribu mzaha. Hakuna aliyecheka, naye akajifanya anakohoa.

"Tena yuko chini ya jina langu," Kitinda akaongeza kwa sauti ya chini. "Mtu akisoma atadhani nimemzaa mimi."

Mkubwa alikuwa ameegemea mlango. "Hakuna aliyemtoa," akasema. "Yumo. Karatasi ina ngazi zake, mama. Kuna watoto, na kuna aliyelelewa. Ndivyo mambo yanavyopangwa kwenye kompyuta."

"Kompyuta ilimjua lini?"

"Mama, kesho wanakuja watu wa ofisini kwangu. Ndugu za baba wanakuja. Mimi sitaki kuulizwa maswali kaburini."

"Baba yako alisema nini kuhusu mtoto huyu?"

"Baba yangu amekufa."

"Mtoe huko ndani."

Mkubwa akaiondoa mikono mfukoni. "Nikimtoa yeye, mimi natoka. Nakwambia leo, ili kesho usiseme hukuambiwa."

Dada alikuwa uani, anasugua mpira wa kitanda alicholalia mzee. Alisikia yote, maana ukuta ule ulikuwa wa mbao za seremala na mbao hazifichi kitu. Akaja na mikono inayochuruzika, akasimama kizingitini.

"Mama, acha. Hapo nilipo pananitosha. Tumzike mzee kwa amani."

"Nyamaza wewe. Hakuna aliyekuuliza."

Na kweli hakuna aliyemuuliza.

Mkubwa akaondoka kwenda kuagiza maturubai. Alipokwisha kupinda kona, Mama Shuka alifunga kitambaa cha kichwa, akaikunja karatasi mara nne, pembe juu ya pembe, akatoka. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo nje wakaduwaa. Mjane, mume wake bado hajazikwa, anashika njia! Mmoja akamfuata, "Mama Shuka, unakwenda wapi, tukutumie mtu?" Hakugeuka.

Duka la mchapaji lilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na fundi viatu. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta iliyogeuka rangi ya chai, printa, na feni inayogeuza kichwa polepole kama mtu anayekataa. Mchapaji alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Zamani alikuwa katibu wa meneja wa kiwanda. Kiwanda kilipokufa alitoka na ujuzi wake na kiti alichokalia.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Sikuja kuchukua pole. Karatasi hii umeichapa wewe?"

Mchapaji akavaa miwani. "Ni yangu. Kuna kosa?"

"Huyu hapa. Mlete ukutani."

"Aa, mama." Mchapaji akavua miwani tena. "Kazi hii kaleta mwanao. Kaniambia kabisa, huyu aingie ndani, herufi ndogo. Nikigusa kitu atakuja kunisimamia hapa."

"Marehemu alikuwa mume wa nani?"

"Wako, mama."

"Basi fungua."

Mchapaji aliguna, akakisogeza kiti chake, akaitafuta kazi kwenye kioo. Karatasi ikatokea, nyeupe, picha ya seremala juu, bado mdomo haujapinda. Mama Shuka aliivuta stuli akakaa bila kukaribishwa.

"Sasa angalia," mchapaji akasema, maana watu wa ufundi huu hupenda kuonyesha, hata wakiwa na hofu. "Ukibonyeza kitufe hiki, mstari unaingia ndani, na namba inageuka herufi. Ukitaka kuurudisha, unashikilia hiki cha pembeni, halafu unabonyeza kile kile."

"Kumtupa ndani ni kidole kimoja."

"Kimoja."

"Na kumtoa?"

"Viwili."

"Haya, mtoe."

Mchapaji akabonyeza. Jina la Dada likateleza kushoto, likagota ukingoni, na ile a ndogo ikawa nne. Hakikusikika chochote.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Yuko mstari mmoja na wenzake." Mchapaji akamgeukia, akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Sasa mama yangu, nikwambie kitu. Nimechapa misiba ya watu mingi mpaka nimechoka. Mwache hapa hapa, wa nne. Mwanao akiona atanuna, lakini atameza. Mtu wa mwisho hamkeri mtu. Utakuwa umepata unachotaka, na familia yako itabaki nzima."

Maneno hayo yalikuwa ya mtu mwema, na Mama Shuka aliyapima. Aliitazama ile nne. Kwa kweli alikaribia kuinuka. Lakini macho yake yakapanda juu ya orodha, yakakuta jina la Mkubwa limekaa kwenye moja, kifua mbele, na roho yake ikageuka.

"Mkubwa alijifunza kutembea kwa kushika gauni la huyu," akasema. "Nikienda kazini, huyu ndiye aliyembeba, na yeye mwenyewe bado anabebwa. Anakaaje mkiani?"

"Mama..."

"Mpandishe."

"Mama, fikiri."

"Nilifikiri kabla wewe hujazaliwa. Mpandishe juu."

Mchapaji akatia jina kivuli cha buluu, akalivuta. Likapita jina la Kitinda, likapita la Fundi, likasimama juu ya la Mkubwa. Na hapo namba zikacheza zenyewe. Dada akawa moja. Mkubwa, bila mtu kumgusa, akawa mbili, na wadogo zake wakashuka nyuma yake.

"Nani kamgusa Mkubwa?"

"Hakuna. Zinajipanga zenyewe. Akiingia mmoja juu, wote wanashuka."

"Mrudishie moja yake."

"Hawawezi kuwa moja wawili, mama. Labda nizitoe namba zote." Uso wa mchapaji ukachangamka, kama aliyeona mlango wa nyuma. "Eh! Tuzitoe namba. Wakae majina matupu tu, hakuna wa kwanza, hakuna wa pili. Wengi wanafanya hivyo siku hizi, na inapendeza."

Mama Shuka akatabasamu, na tabasamu lake halikuwa zuri. "Alipokuwa ndani, wenzake walikuwa na namba. Leo katoka, ndiyo namba zinafutwa? Zikae."

Mchapaji akainua mikono, akaishusha. Alijua sasa anaongea na mtu wa namna gani.

"Na hili pengo?" Mama Shuka akaweka kidole kwenye kioo, kikaacha alama. Kati ya jina la Dada na la Mkubwa palikuwa na weupe mpana kuliko kati ya wengine.

"Amekuja na nafasi yake ya kule alikokuwa. Kule niliacha nafasi chini ili asibanane na maandishi yanayofuata."

"Izibe. Asionekane mgeni."

Mchapaji akaiziba. Lakini shukrani za familia, mstari wa mwisho wa karatasi, zilikuwa zimerukia ukurasa wa pili, kwa sababu mstari wa namba ulitaka nafasi kubwa kuliko ule wa herufi ndogo. Basi akapunguza nafasi kati ya mistari yote, kidogo huku, kidogo kule, mpaka karatasi ikarudi kuwa moja. Printa ikaanza kukohoa. Mama Shuka akaichukua ya kwanza ikiwa bado ina joto, akaikunja katikati kwa urefu ili ukingo ulale juu ya majina, akaangalia. Yote manne yalianzia mahali pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu mume wake afe, alijisikia ana miguu.

"Mwanao akija kuzichukua nimwambieje?"

"Hatakuja. Nazichukua mimi."

Aliporudi alizikalia. Mkubwa aliuliza jioni, akajibiwa kwamba karatasi zipo na zitagawiwa makaburini. Alimtazama mama yake kwa muda, mama yake akamtazama, na kila mmoja akaona kwa mwenzake kile kichwa kigumu alichozoea kukiona kwenye kioo. Kitinda alijua. Alimfuata mama yake jikoni. "Mama, umefanya nini?" "Nimerekebisha makosa," akajibiwa.

Siku ya maziko jua lilikuwa kali na udongo mwekundu ulikuwa bado mbichi kwa mvua. Watu walikuwa wengi, seremala alikuwa amewatengenezea nusu ya mtaa milango. Karatasi ziligawiwa langoni. Mama Shuka alikaa kwenye kiti cha mbele, macho hayako kwenye jeneza, yako kwa Mkubwa. Alimwona akipokea karatasi, akiishikilia bila kuisoma, akizungumza na mkuu wake wa kazi. Kisha alimwona mkuu huyo akiisoma ya kwake, akiinua uso na kusema kitu kwa tabasamu la adabu. Baadaye watu walisema alimwambia, "Kumbe una dada mkubwa? Hukuwahi kutuambia." Mkubwa akainamisha kichwa, akasoma.

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Mwongoza ratiba, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, aliita mjane. Mama Shuka akatupa udongo wake, akarudi. "Sasa watoto wa marehemu," akasema. "Wa kwanza," na akasoma jina la Dada, refu, na jina la seremala nyuma yake.

Dada hakusogea. Alikuwa amesimama nyuma, kati ya wapishi, ameshika ndoo ya maji ya kunawa.

"Nenda," mama yake akasema.

"Mama, usinifanyie hivi."

"Nenda, unaitwa."

Umati ukafunguka. Dada akaweka ndoo chini, akatembea kwenye njia ile ya watu, akatazama miguu yake tu. Nyuma ya viti minong'ono ikaanza. "Wa kwanza? Si yule Mkubwa?" "Huyu si wa kuja naye huyu?" "Wa kuja naye kivipi?" "Hujui? Ngoja nikwambie." Akachota udongo, akautupa, na ilionekana alitaka kusema kitu kwa yule aliyelala mle chini, lakini macho yote yale yakamziba mdomo.

"Wa pili," mwongoza ratiba akasoma.

Hakuna aliyesogea. Akadhani hakusikika. "Wa pili!"

Mkubwa aliikunja karatasi yake, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo. Akamshika mke wake mkono, akawaita watoto wake kwa kichwa, wakaondoka wakipita kati ya makaburi hadi langoni. Hakukimbia wala hakugeuka. Baba yake alizikwa bila udongo wake.

"Wa tatu," mwongoza ratiba akasema.

Fundi alisogea. Alitupa konzi moja, akachota nyingine. "Na hii ya kaka," akasema, akaitupa kwa nguvu hadi ikalia kwenye ubao. Kisha naye akafuata njia ya lango. Kitinda alitupa ya kwake huku analia kwa kwikwi. Shangazi yule, ambaye sasa alikuwa hana meno lakini ulimi alikuwa nao bado, akasema ili asikike, "Maziko ya mtu kayafanya uwanja wa kupimana kifua."

Mama Shuka alikaa wima. Chozi halikumtoka. Wapo waliosema hana moyo. Moyo alikuwa nao, na wakati ule ulikuwa unamwambia jambo moja tu: mtoto wake ameitwa wa kwanza mbele ya watu, kwa jina la mume wake, na halitafutika.

Ni kweli halikufutika. Kabla ya siku ile nusu ya mtaa ilikuwa haijui habari ya Dada, na nusu iliyojua ilikuwa imesahau. Sasa kila mtu alikuwa na karatasi nyumbani kwake. Wahuni wa kijiwe cha viatu wakamtungia jina. "Wa Kwanza! Umeamkaje, Wa Kwanza?" Bombani wanawake walimpisha kwa dharau iliyovaa heshima: "Tangulia, mwenzetu, wewe si ndiye wa kwanza?" Dada akawa anachota maji alfajiri kabla watu hawajatoka. Ndani hakulalamika. Alifua, akapika, akafagia chumba cha mzee kilichokuwa hakina mtu. Akakonda.

Mkubwa hakukanyaga tena. Mke wake alipojifungua, Mama Shuka alipata habari kwa muuza mboga. Wajukuu walipokutana naye njiani walivuka upande wa pili, si kwa chuki, walikuwa wameagizwa tu. Fundi alipita siku moja, akasimama nje ya mlango, akakataa kuingia. "Nimekuja kuona kama bati linavuja," akasema. Aliliangalia kutoka chini, akasema halivuji, akaenda zake.

Haikupita muda mrefu, Dada akalitoa sanduku lake chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi?" mama yake akauliza.

"Mji wa pili. Kuna bibi mmoja amepooza, watoto wake wanatafuta mtu wa kumgeuza."

"Na mimi?"

"Wewe hujapooza, mama."

Mama Shuka alikaa kitandani, juu ya nguo zilizokuwa zinapangwa, ili zisipangwe. Dada akazivuta moja moja chini yake bila ugomvi.

"Nilikutoa ndani ukasimama na wenzako," mama akasema.

"Nilisimama na nani? Wewe uliniona na nani?"

Mama akalishikilia gauni lililobaki.

"Mzee nilikuwa naye," Dada akasema. "Nilikuwa naye mpaka dakika ya mwisho, na hakuna aliyekuwa ananinyang'anya. Hata Mkubwa, kwa roho yake ile, alikuwa ananiita dada. Sasa sina wa kuniita. Ungeniuliza, mama."

"Ningekuuliza ungesema niache."

"Ndiyo. Ningesema uache."

"Na mimi ningekutoa vile vile."

Dada akamtazama, na akacheka kidogo, kicheko kilichochoka. Hakuwa na hasira; hiyo ndiyo iliyomuuma mama yake. Akafunga sanduku, akaubusu mkono wa mama yake kama mgeni anayeaga, akatoka. Kule alikokwenda, alimwambia Kitinda baadaye, walimuuliza ana ndugu wangapi, akasema yuko peke yake kwao.

Kitinda ndiye aliyebaki kuja, siku ambazo hakuna shule. Alileta sukari, aliosha vyombo, alikata kucha za mama yake ambazo macho hayakuziona tena vizuri. Nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja, na milango ya seremala ilifungwa vizuri mno, haikutoa hata mlio wa kukudanganya kwamba kuna mtu anaingia. Siku moja Kitinda alikuja na uso wa mtu aliyebeba yai.

"Nimetoka kwa Mkubwa."

"Hajambo?"

"Anaumwa mgongo. Mama, tumezungumza. Atakuja. Ataleta watoto. Anataka jambo moja dogo tu."

"Jambo gani?"

"Hataki umwombe radhi. Nimemwambia hilo halipo, naye anakujua. Anasema, useme tu kwamba mchapaji alikosea. Basi. Namba zilijipanga zenyewe, mchapaji akakosea, wewe hujui kusoma, hukuona. Yeye atawaambia watu wake hivyo, na mambo yataisha. Mchapaji mwenyewe amehama, mama, hata hayupo. Humuumizi mtu."

Mama Shuka aliutazama mlango hata Kitinda akaanza kutumaini. Alikuwa anafikiria wajukuu, hasa yule mdogo ambaye hajawahi kumshika. Alikuwa anafikiria sauti za watoto katika chumba kile. Mikono yake, iliyoharibiwa na dawa za kufulia, ilikuwa inalainisha gauni mapajani, inalainisha mahali ambapo hapakuwa na kunyanzi.

"Hakukosea," akasema.

"Mama, ni neno tu."

"Hakukosea. Nilikaa pembeni yake, nikamwambia mpandishe, akampandisha. Mwambie hivyo hivyo."

Kitinda hakwenda kumwambia. Alisema atakwenda, akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni akisubiri aitwe. Hakuitwa. Na Mkubwa hakuja.